Falta Moja

Kwenye benchi la duka la simu la Gustave, pale Greyville mjini Durban, kahawa ya asubuhi ile haikuwa na ladha. Libérate, msusi wa saluni ya jirani, hakuwa amelala. Mumewe Peguy aliondoka Durban na watoto wao, akipitia Brazili kutafuta Amerika kwa njia ya msitu wa Panama. Siku tisa kimya, na leo namba asiyoijua imemletea ujumbe wa Kihispania: "Pasaron ayer. Una falta." Simu ilipotafsiri ikasema: Walipita jana. Kosa moja. Kosa gani, la nani? Aliwaonyesha watu wa benchi, na watu wa benchi, Mungu awasamehe, hawajawahi kukosa jibu.

— Falta ni ya mpira, alisema Steve, waliyemwita Arbitre kwa kuchezesha mechi za Jumapili. Watangazaji wa mpira wa Espagne wanaisema kwa Kihispania kila wiki. Ni rafu. Peguy wamemsukuma kidogo tu, atasimama.

— Porini iko mpira gani? aliuliza Ildephonse, yaani Maître, aliyewahi kuwa karani wa mahakama Bujumbura. Hiyo ni faute, kosa la sheria. Wamemshika mpakani.

— Wamemfunga? aliuliza Libérate.

— Siku mbili tatu, mama. Selo za kule ziko na vitanda.

— Na ukichezewa rafu pale, wanakupa penalti, Arbitre aliongeza. Unaingia Amerika bila kupanga foleni. Sharp, safi kabisa.

Libérate alitamani kuwaamini, na akajichukia kwa kutamani.

Honoré, mgeni aliyefika wiki ile kutoka Luanda, Angola, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kununua vocha.

— Kihispania sijui, alisema polepole. Lakini Kireno iko na neno hilo. Shuleni kwetu mwalimu akiita majina, mtoto asiyeitika anaandikiwa falta. Maana yake hayupo.

Arbitre aliweka kikombe chini.

— Eish, alisema Maître.

— Mama, bwana yako alienda na watoto wangapi? aliuliza Honoré.

— Wawili. Anaïs na Cathy.

— Sasa, kati yao watatu, hayupo nani?

Libérate alimtazama Maître, kisha Arbitre. Wote wawili walikuwa wakiangalia barabara. Akaipigia ile namba, na ilikuwa imezimwa.