Mwalimu Kitazume na Theluji ya Juni

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na ni vizuri lijulikane kabla Mwalimu hajaondoka. Sikujiunga na Klabu ya Milima kwa kupenda milima. Katika wiki yangu ya kwanza hapa shuleni nilipita mbele ya chumba cha klabu, kile cha mwisho kabisa ghorofa ya tatu, nikamwona mwalimu mmoja akitazama nje kwa darubini. Hakugeuka. Hakuniuliza jina, wala nimetoka shule gani, wala kwa nini siko uwanjani na wenzangu. Niliingia nikakaa. Baada ya kitambo alisema, darubini ikiwa bado machoni, "Mkia haujakatika." Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu," ingawa sikujua ni mkia wa nini.

Mwalimu Kitazume Teruko anastaafu tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha jiografia, ishirini na mmoja kati ya hiyo akiwa hapa kwetu. Nimeombwa niandike ukurasa huu kwa niaba ya Klabu ya Milima. Klabu ya Milima ni mimi. Kaka zangu wawili wa klabu walihitimu mwaka jana, na tangu hapo tumebaki mimi na Mwalimu.

Alizaliwa pwani ya Niigata, kwa wavuvi wa ngisi, na mwenyewe husema kwamba hadi alipofika chuo alidhani milima ni kitu kilichowekwa nyuma ya mji ili jua lipate pa kutokea. Alianza kazi katika shule ndogo huko huko pwani. Alipohamishiwa katika bonde letu alikuja na masanduku mawili ya vitabu na viatu vya mvua. Viatu vile bado vipo, chini ya meza yake. Hakuna anayethubutu kuuliza kwa nini.

Waliosoma kwake watakumbuka somo la ngumi. Unakunja ngumi, unaambiwa uchore kwa kalamu ya wino mistari ya kuzunguka kila kifundo, kisha unafungua kiganja na kuona mlima umelala kuwa ramani. Mzazi mmoja aliwahi kupiga simu akilalamika kwamba mtoto wake amerudi nyumbani na mikono iliyochorwa kama ya jambazi. Mwalimu alimjibu kwa heshima zote, "Mama, mkono wa kulia umepata alama tisini. Wa kushoto ujitahidi."

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa safari ya Juni. Wengi hudhani safari ile ilikuwa ya siku mbili. Ilianza Aprili, dirishani. Theluji inapoanza kuyeyuka kwenye Mlima Kasumori, ile inayobaki ubavuni huwa na umbo la mbweha anayekimbia, na wakulima wa hapa hupanda mpunga mkia wake unapoachana na mwili. Sisi tulimtazama mbweha huyo kila alasiri. Mkia ukikatika, kigongo cha juu kimekauka na maporomoko ya theluji yamekwisha. Miguu ikipotea, theluji ya korongoni imekuwa ganda tu, na chini yake maji yamechimba shimo. Safari yetu ilipaswa kuingia katikati ya hayo mawili. Mwaka mwingine ni majuma mawili. Mwaka mwingine ni siku tatu, na zote ni za mvua.

Tukishapata tarehe, alitandaza ramani. Watu wengi huanza kupanga safari kwa kuonyesha wanakokwenda. Yeye alinipa penseli nyekundu na kusema, "Nionyeshe kwanza tutakapogeukia kurudi." Hapo ndipo tulipopanga mengine: kulala kwenye hema chini ya msitu, kuamka alfajiri theluji ikiwa bado ngumu, kuvaa meno ya chuma chini ya viatu, kuvuka korongo kabla jua halijalainisha theluji yake, na kufika kwenye kibanda cha wapandaji wakati wa chakula cha mchana. Mtu akiuliza je, tukichelewa, alisema, "Ndiyo maana tumeanza na penseli nyekundu."

Kibanda kile ni cha Bibi Momose, na bila yeye wasifu huu hautakuwa kamili. Kila mwaka, kabla ya wageni wa kwanza, hushuka na gunia la unga mwekundu wa udongo na kuumwaga juu ya theluji, mstari mrefu wa kuongoza watu hadi mlangoni kwake ukungu ukishuka. Juni iliyopita Mwalimu alimpigia simu kumwambia tunakuja, na sauti ya Bibi Momose ilisikika chumba kizima.

"Mwaka huu unaleta watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Basi mlete na mbwa, angalau nijue nimepika."

"Huyu anakula vizuri, Bibi. Ila haongei."

"Afadhali. Wewe unaongea kwa watu wanne."

Mwalimu alikata simu, akacheka peke yake. Alijua, na mimi nilijua, kwamba hiyo ndiyo ingekuwa safari yake ya mwisho. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia kuhusu goti lake. Tangu aje kwetu, alikuwa hajawahi kukosa kufika kwenye kibanda kile mwezi wa Juni. Kuna ukuta pale ambapo kila mwaka hutundikwa picha ya klabu, na Bibi Momose alikuwa ameacha nafasi.

Usiku wa safari mvua ilinyesha juu ya hema. Alfajiri ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliona kofia yake ya njano tu mbele yangu. Tulifuata mstari mwekundu. Tulitembea muda mrefu bila neno, nikisikia meno ya chuma yakiuma theluji, na kwa kweli nilikuwa na furaha. Halafu kofia ikasimama.

Mstari ulikuwa umepinda kushoto na kuanza kuteremka. Mwalimu alichutama, akagusa unga ule, akanusa kidole. Mvua ilikuwa imeuosha na kuuburuta chini korongoni, na sisi tulikuwa tumeufuata.

"Tazama," alisema. "Miaka yote hii, na leo mtu mzima nafuata maji yaliyopakwa rangi."

Wakati huohuo tukasikia kengele. Bibi Momose alikuwa ameona ukungu na sasa aliigonga, taratibu, ng'we, ng'we, mbele yetu na juu kidogo. Ilikuwa karibu sana. Nilimwambia, na nadhani ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote mwaka ule, "Mwalimu, twende tukifuata kengele, tutafika, nasikia kabisa iko wapi."

Alisikiliza. Kengele ikagongwa tena, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeitwa nyumbani.

"Sauti inapita juu ya shimo," alisema. "Sisi tuna miguu."

Kisha akaelekeza uso kule kengele ilikotokea, akavua kofia, akainama, kama tunavyowainamia wenyeji tunapoaga. Hakuwepo wa kumwona zaidi yangu. Tuligeuka. Kengele iliendelea nyuma yetu kwa muda, ikafifia, na mimi sikujua kama nimekoma kuisikia au imenyamaza.

Jioni, kwenye kituo cha basi, alimpigia simu Bibi Momose.

"Nimegonga mpaka mkono umekufa ganzi! Na mchuzi wa kari wa watu watatu nimekula na nani?"

"Samahani, Bibi."

"Samahani ya nini? Ungenitokea mlangoni na ukungu ule ningekufukuza na mwiko." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Picha?"

"Hakuna."

"Haya. Nitauacha ukuta ulivyo."

Jumatatu, katika chumba cha walimu, walimu wenzake waliuliza kwa utani kama wazee wa Juni wamefika kibandani. Mwalimu alisema, "Tumerudi," akamimina chai. Sikumwona akisikitika. Lakini wiki nzima ile hakugusa darubini, na tuliketi chumbani mle, kila mmoja na kitabu chake, bila kufungua pazia.

Mafanikio yake mengine ni mengi, na Mwalimu Mkuu atayataja kwenye sherehe: kamati ya ramani ya wilaya, mashindano ya jiografia, wanafunzi wake watatu ambao leo ni waokoaji milimani. Mimi nitaongeza moja ambalo halimo kwenye orodha. Katika safari zote hizo, hakuna mzazi aliyewahi kupigiwa simu mbaya.

Kanuni ya shule inasema klabu isiyo na mwalimu mlezi inafungwa Aprili. Tayari wanafunzi wa bendi wamekuja kupima chumba chetu waone kama ngoma kubwa itapita mlangoni. Mwezi uliopita, pamoja na hayo yote, Mwalimu alitandaza ramani na kunitaka nipange safari ya Juni ijayo. Nilimuuliza tunapanga ili nani aende. Alisema, "Panga. Theluji haitakungoja upate watu." Nilipanga. Alisahihisha saa ya kuamka na kiasi cha mchele, akasema inafaa. Kisha akaniambia, "Mimi sitakutafutia mlezi. Ukishindwa kumwomba mtu kitu ukiwa bondeni, huko juu utamwombaje?"

Mwalimu Kitazume, asante kwa kutoniuliza jina siku ile. Asante kwa kugeuka. Uende salama huko pwani kwenu, goti lipate nafuu, ngisi wawe wanono, na kila asubuhi pawe na mtu wa kunywa naye chai.

Jana, baada ya kuandika hadi hapo, nilishuka chumba cha walimu. Mwalimu wa kwanza niliyemwomba awe mlezi alisema ana mtoto mchanga. Wa pili alidhani nimekuja kuomba ufunguo, akanipa. Niliurudisha. Wa tatu alikuwa Mwalimu Hasumi wa kemia, ambaye hupanda lifti hata kwenda ghorofa ya pili. Nilisema nililotaka kusema, nikalirudia kwa sababu hakusikia. Aliweka kalamu chini.

"Mimi?" alisema. "Unanijua mimi lakini?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hiyo theluji ya Juni," aliuliza, "inateleza sana?"

Niliomba karatasi, nikamchorea mlima, na nikaanza kumweleza.