Kishindo Anastaafu Akiwa na Miaka Kumi na Minne

Leo Ijumaa, baada ya utumishi wa miaka kumi na tatu na miezi minane, anastaafu mwenzetu tunayemwita Kishindo. Ana umri wa miaka kumi na minne. Baadhi yetu tuna mikanda inayomzidi umri.

Alianza kazi kabla ya kuota meno. Mama yake, mshonaji wetu wa mavazi, alikuwa akimlaza ndani ya kapu la vitambaa. Tamthilia ilihitaji mtoto mchanga mwenye nguvu za kutisha, na yule aliyeletwa alilia hadi mwongozaji naye akakaribia kulia. Huyu wa kapuni alipiga chafya tu, akachukuliwa. Tangu hapo ndiye Binti wa Radi, anayeinua mkono na ngome zikaanguka.

Kwa wasioijua idara yetu ya kujenga mandhari: ngome haziangushwi na radi. Nyuma ya ukuta tupo wanaume wanne na kamba ya kung'oa nguzo. Mkono ukipanda, tunavuta. Hatuulizi.

Amelelewa humo humo, kati ya mbao na makopo ya rangi. Kutembea alijifunza kwa kushika suruali zetu. Matusi mawili matatu, mama mtu atusamehe, alijifunza kwa seremala. Alipoletewa mwalimu wa kumfundisha kusoma pale pale ukumbini, aliambiwa mwenye swali anyooshe mkono. Kishindo, mtoto mtiifu, akanyoosha. Nasi, watu watiifu, tukavuta. Mnara wa kazi ya wiki tatu ukalala chini. Mwalimu akatoka vumbini mweupe kama unga, akauliza swali lenyewe ni lipi. Mtoto alikuwa anataka kwenda chooni.

Mwaka huu amesema inatosha. Anataka shule ya kawaida, yenye watoto wenzake, inayofunguliwa Jumatatu. Wenye tamthilia walimtaka abaki. Wakaafikiana hivi: kasri la mwisho likianguka sawasawa, aende; likigoma, abaki hadi lijengwe jingine, na shule imsubiri. Kasri lilikuwa moja tu.

Jana akainua mkono. Tukavuta. Kasri likatutazama. Tukavuta tena, seremala akataja mababu zake wote. Kamera zinarekodi, mwongozaji kashika kichwa. Ndipo Binti wa Radi akakunja joho lake la kifalme, akapita mlango wa kasri hadi nyuma kwetu, akashika kamba, akatuambia wazee tuache uvivu, tuvute kwa hesabu yake. Tatu haikufika. Lilishuka lote.

Zilichoona kamera ni mtawala mdogo akiingia kwenye kasri lake, nalo likaporomoka. Mwongozaji akatangaza kwamba ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Waongozaji ndivyo walivyo.

Kishindo, wengi wetu tumewalea wanetu kwa simu. Wewe tumekulea kwa mikono. Asante kwa kazi, na kwa kutuita wavivu. Kasome, ucheze, ugombane na wa rika lako, na maisha yakupokee vizuri. Jumatatu wewe utakuwa darasani, sisi tutakuwa tunazoa kasri lako. Tutalizoa kwa furaha.