Mtoto wa Jamaa Mmoja Hivi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja tu, umefungwa juu ya vipande viwili vya bomba kuukuu, kati ya kinyozi na duka la vifaa vya ujenzi. Alilitengeneza Koki, fundi bomba, na kama kazi zake zote za bure hakulimalizia: wa mwisho huu akisimama ghafla, wa mwisho ule anakwenda chini bila kupenda. Ndiyo maana watu wa hapo wamezoea kupeana taarifa kabla ya kunyanyuka. Mama Birika, mwenye kahawa, halikalii kabisa. Ana kigoda chake na jiko lake la mkaa, na kutoka pale chini anawaona wote vizuri kuliko wanavyojiona wenyewe.

Jumamosi hiyo Koki alifika mapema, akaomba kahawa chungu, akakaa kimya. Mfukoni mwa shati alikuwa na simu, na ndani ya simu ujumbe aliouandika tangu alfajiri: Kesho usije. Maneno mawili tu, lakini kila alipopeleka kidole pa kutuma, kidole kilikuwa na shughuli nyingine. Alichokuja kutafuta kijiweni ni mtu wa kumsukuma kidogo, au angalau mtu wa kulaumiwa.

— Kuna jamaa mmoja hivi, — alianza, macho ndani ya kikombe. — Nilimfungia tangi zamani. Ana kijana wake, kakulia kanisani, kwaya kaimba, Biblia anaijua mbele na nyuma. Jumapili iliyopita kamwambia baba yake waziwazi: Mungu simwamini tena. Na baba mtu mwenyewe ni mzee wa kanisa. Fikirieni aibu hiyo.

Wembe, kinyozi, alimtazama Naibu. Naibu, aliyestaafu ualimu akiwa naibu mwalimu mkuu na hapendi kukumbushwa, alimtazama Mama Birika. Mama Birika alitazama birika. Mtaa mzima ulikuwa na mzee wa kanisa mmoja mwenye kijana wa namna hiyo, na alikuwa ameketi pale akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Lakini mtu akishasema "jamaa mmoja hivi", adabu ya benchi ni kumwacha na jamaa yake.

— Ukimwona, mpe pole zetu, — alisema Wembe.

— Nitamfikishia.

— Mimi nasema ni elimu, — Naibu aliingia uwanjani. — Mtoto anaingia shuleni na Adamu na Hawa, anatoka na masokwe. Hapo unategemea nini?

— Mbona wewe umeshinda humo shuleni maisha yako yote na bado unaamini?

— Mimi nilikuwa nafundisha, Wembe. Sikuwa nasoma.

— Basi hamna cha elimu. Tatizo ni macho.

— Macho yamefanya nini?

Wembe alijiweka sawa kama anayetaka kumshika mteja kichwa.

— Kuna watoto wa aina mbili. Mchungaji akisema tufumbe macho tuombe, mmoja anafumba mpaka sura inakunjamana. Mwingine anachungulia. Huyo wa kuchungulia ndiye! Watu wote wako mbinguni, yeye kabaki chini peke yake anawakagua. Anamwona mchungaji anatazama saa. Anamwona shangazi yake anapiga miayo. Anamwona mzee wa kanisa anachokonoa sikio kwa ufunguo. Sasa imani itoke wapi?

Koki alirudisha mfukoni ufunguo aliokuwa akiuchezea.

— Na wewe hayo yote umeyajuaje? — aliuliza Mama Birika.

— Nilikuwa nachungulia.

— Na bado unaamini?

— Mimi ni mwoga, mama. Ni jambo lingine kabisa.

Walicheka, hata Koki alicheka kidogo, kisha akajikumbuka. Mama Birika alichochea makaa. Alikuwa na lake.

— Nyinyi wanaume mnaanzia ukubwani. Mtoto huharibikia kwenye ubatizo. Yale maji! Kama yalipita kwenye bomba lenye kutu, utambatiza nini hapo? Baraka zinafika nusu. Nusu nyingine imebaki kwenye bomba.

— Bomba lile halina kutu! — Koki aliruka wima. — Nimelifunga mimi kwa mikono yangu!

Mwisho wa pili wa benchi ukashuka na Naibu, kahawa ikamwagikia suruali yake ya kazi ya zamani, na kwa muda palikuwa na kuomba radhi na kupangusana. Kisha Naibu, akiwa bado anajifuta, akauliza kwa upole mkubwa:

— Bomba lipi hilo, Koki?

— Bomba… bomba lolote. Nasema kwa ujumla. Mabomba ya makanisa huwa yanafungwa vizuri.

— Aa. Kwa ujumla, — alisema Naibu.

— Kwa ujumla, — alisema Wembe, na kugeuza uso upande wa duka.

Baada ya hapo mjadala ulikatika breki. Naibu alitupilia mbali masokwe yake na kuleta viatu. Watoto wengi, alisema, hununuliwa viatu vya kanisani na kuvishwa mpaka vidole vinalia. Mtoto anasikia habari za upendo huku kidole gumba kinachomwa moto. Miaka inapita, viatu anavisahau, yale maumivu anamwandikia Mungu.

— Kwa hiyo dawa ni makobazi? — aliuliza Mama Birika.

— Sijafika kwenye dawa. Bado niko kwenye utafiti.

— Utafiti ninao mimi, — alisema Wembe. — Vichwa nimenyoa mpaka nimechoka. Kuna nywele zinalala kulia, hao ni watiifu, unawanyoa wanasinzia. Kuna nywele zinalala kushoto. Hao ni wabishi tangu tumboni. Mashine ikipita, nywele inakataa. Mtu ambaye nywele yake tu inakataa, yeye mwenyewe itakuwaje?

— Na huyu kijana wa jamaa, zake zinalala wapi?

— Kushot… — Wembe alijikamata. — Mimi nitajuaje? Simjui hata kwa sura.

Simjui hata kwa sura! Ndiye aliyemnyoa nywele zake za kwanza, kijana akiwa amepakatwa na Koki, analia na kumvuta baba yake ndevu. Koki alilikumbuka hilo na moyo ukamuuma, akatamani sana kumchukia Wembe lakini hakuweza.

— Tuache hayo, — alisema. — Jamaa anataka kujua afanye nini. Kijana huwa anakuja nyumbani kula kila Jumapili. Kesho ni Jumapili. Amkataze?

— Amkataze, — alisema Naibu bila kuchelewa. — Nidhamu. Akae nje mpaka akili zimrudie.

— Atakula wapi? — aliuliza Mama Birika.

— Atajua mwenyewe, kama alivyojua kwamba Mungu hayupo.

— Hebu tueleze ilivyokuwa siku yenyewe, — alisema Wembe. — Alisimama kanisani akatangaza?

— Hapana, — alisema Koki. — Mezani.

Akaeleza. Nyumbani kwa huyo jamaa, kuombea chakula ilikuwa kazi ya kijana tangu akiwa anasimama juu ya kiti ili aone sahani. Wageni walikuwa wakija wanamsikiliza kwa mshangao, baba anajifanya hana habari huku kifua kimemjaa. Kijana amekua, ameanza kazi, amehamia kwake, na bado kila Jumapili ni yeye. Basi siku hiyo chakula kikawekwa, mama mtu akainamisha kichwa, wadogo zake wakainamisha, wakangoja. Kijana akasema taratibu, bila ubishi wowote: Baba, leo naomba aombee mtu mwingine. Mimi siamini tena. Nikiomba nitakuwa nawadanganya.

— Hivyo tu?

— Hivyo tu. Baba mtu akasimama, akaenda chumbani akafunga mlango. Kijana akaosha vyombo kama kawaida yake, akaondoka.

Hapo ndipo mlango wa kinyozi ulipofunguka, akatoka mwanamume wa makamo, kitambaa cha kunyolea kimemzunguka shingoni. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa unang'aa, upande wa pili ulikuwa kama alivyokuja nao mjini.

— Kinyozi, ile mashine haijapoa tu?

— Karibu kupoa, — alisema Wembe, ambaye alikuwa amemwacha kitini kwa ahadi kwamba mashine itapoa kwa dakika moja. — Kaa hapo unywe kahawa, kwa hesabu yangu. Tuna jambo zito.

Mteja alikaa mwisho wa benchi, akapokea kikombe. Hakujua mtu pale, kwa hiyo alifanya jambo ambalo wenzake hawakuwa wamelifanya asubuhi nzima: alisikiliza. Naibu alikuwa amekwisha kuandaa masharti ya kumfungia kijana mlango, likiwemo la kuja kuomba msamaha na mashahidi. Wembe alikuwa anapendekeza kwanza anyolewe kipara, nywele ziote upya upande wa kulia. Mteja aliwangoja wakapumua.

— Samahani, mimi ni mgeni hapa. Nilikuwa nasikia kwa ndani. Sasa kile chakula, mwishowe kiliombewa na nani?

Wembe alikuna kichwa chake mwenyewe.

— Hakikuombewa, — alisema Koki. — Walikula hivyo hivyo. Jamaa alikuwa chumbani anasikia vijiko.

— Lakini si mmesema ni mzee wa kanisa?

— Ndiyo.

— Basi kwa nini hakuomba yeye?

— Labda alikuwa na mafua, — alijaribu Wembe.

Hakuna aliyemsaidia. Koki alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho yeye kuomba kwa sauti nyumbani kwake, na kumbukumbu ikarudi mikono mitupu. Kanisani anaomba mchungaji, yeye anaonyesha watu pa kukaa. Mezani aliomba kijana. Mkewe alipolazwa, aliyepiga simu kuomba naye alikuwa kijana. Kazi yote ya kuongea na Mungu katika nyumba ile alimwachia mtoto, na mtoto alipoiweka chini, yeye hakuinama kuiokota. Alikwenda chumbani. Wiki nzima alikuwa amekasirika, na sasa aliona aibu.

Mama Birika aliinamisha birika mpaka likatoa tone la mwisho. Nusu kikombe. Alimpa Koki.

— Imeisha. Hii mpelekee yule jamaa yako.

Koki alitoa simu. Alifuta maneno yale mawili, akaandika mengine: Kesho njoo. Nitaombea mimi. Akatuma kabla kidole hakijapata shughuli. Kisha akakaa akiangalia mbele, na hofu ikamwingia taratibu.

— Inaanzaje? — aliuliza.

— Nini?

— Ile ya chakula.

Naibu alikohoa kitaalamu. Wembe alisema anaijua, ila kwa wimbo tu. Ilionekana wazi kwamba benchi zima, lililokuwa tayari kumrudisha mtu kwa Mungu, halikuwa na mtu wa kuombea hata andazi.

— Jaribu kwenye hiyo kahawa, — alisema Mama Birika. — Haya, fumbeni macho.

Koki alifumba. Masikio yalimwaka moto.

— Ee Mungu. Asante kwa kahawa hii, ingawa ni nusu. Wabariki hawa, ingawa unawajua. Na yule kijana… yule kijana wa jamaa… — Alikizungusha kikombe mkononi. — Yeye kasema hakuamini tena. Basi wewe mwamini yeye, maana hajawahi kunidanganya. Na baba yake anampenda. Hajui tu pa kuanzia.

Hakujua pia pa kumalizia. Alifumbua jicho moja. Wote wanne walikuwa wamekodoa macho wakimtazama, na Wembe alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha mteja.

— Amina! — alisema Naibu haraka, na wote wakafumba macho, wamekwisha kuchelewa.

Simu ilitetemeka. Koki aliisoma, akairudisha mfukoni, akaitoa akaisoma tena. Nakuja, baba. Macho nitafumba.

— Jamaa anasemaje? — aliuliza Mama Birika.

— Anasema kijana wake anakuja, — alijibu Koki. Akanyanyuka bila kutoa taarifa, na mwisho wa pili wa benchi ukaenda chini na yule mteja aliyenyolewa nusu.