Mama Boksi, Fundi wa Kufikisha Salama

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuangusha vitu makusudi, Mama Boksi anastaafu.

Alianza katika idara ya vifungashio akiwa na kisu, rula na penseli sikioni. Kompyuta ya kwanza ya kuchorea ilipoletwa, sisi wengine tuliizunguka kwa mbali. Yeye alivuta kiti. Baada ya wiki mbili alikuwa akichora boksi kwenye skrini, akiligeuza huku na huku, na programu ikimwonyesha litapasukia wapi kabla hata karatasi haijakatwa.

Hata hivyo hakuiamini kompyuta moja kwa moja. Kila boksi jipya alilipandisha ghorofa ya pili, akalijaza vyombo vyake vya nyumbani, akaliachia. Mumewe anasema wamebakiwa na vikombe vinne, hakuna viwili vinavyofanana.

Kisha tukapewa kazi ya kufungashia hospitali moja mashine za kupasha joto watoto njiti. Katika kumi za kwanza, tatu zilifika vioo vimepasuka. Hospitali ikatupa nafasi moja ya mwisho, na sisi tukatamani ardhi itumeze. Kompyuta ilishikilia kwamba boksi halina kasoro. Mama Boksi hakubishana nayo. Alivaa raba, akapanda lori na mzigo wa majaribio kwa siku mbili, akishuka kila kituo kutazama. Aliona wapakuaji wakikosa pa kushika, boksi likiwaponyoka na kutua kwa kona. Sisi tulikuwa tumeiambia programu kwamba boksi hutua kwa kitako. Alimuuliza mpakuaji mmoja angependa abadilishe nini.

“Mama, tutobolee pa kushika tu,” alijibu.

Alirudi na vumbi hadi kwenye kope, akafungua mchoro, akaweka matundu ya mikono na kunenepesha sponji za kona. Mashine arobaini zilizofuata zilifika bila mkwaruzo. Hospitali ilituma picha ya mtoto amelala fofofo ndani ya mojawapo. Mama Boksi aliitazama kwa muda mrefu, akafuta miwani, kisha akauliza boksi lenyewe wamelipeleka wapi.

Tangu hapo, kila mchoraji mpya hupanda lori kwanza ndipo akabidhiwe kompyuta. Wengi wetu tumetapika njiani, lakini tumejifunza.

Asante, Mama, kwa kutuzoesha kumuuliza anayebeba. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na haraka, na wajukuu watakaokuchosha kwa raha.