Rangi Mpya kwa Nyumba ya Kale ya Bi. Mbeyu

Wasikilizaji wapendwa, anayepika na aipue sufuria kidogo, asogee. Leo tunamkumbuka Bi. Mbeyu Dzoro wa Tudor, aliyetutoka Ijumaa akiwa na miaka themanini na minne. Themanini na minne, na ulimi wake bado ulikuwa mkali.

Bi. Mbeyu alizaliwa katika nyumba ya mawe ya matumbawe, iliyojengwa na babake, Mzee Dzoro. Wakati huo Tudor ilikuwa mashamba. Palikuwa na minazi, mikorosho na ng'ombe sita. Kila asubuhi Mbeyu alipeleka maziwa mtaa wa Kuze, na wateja wakimlaumu kwamba yana maji. Alikana. Uzeeni alikiri kuwa aliyanywa njiani, kisha akajazia maji.

Miaka ikapita, maghorofa yakaizunguka nyumba. Mpwa wake, Ronald, aliyekuwa na fungu katika nyumba ile, akaleta mnunuzi wa kujenga ghorofa jingine. Nyumba ibomolewe. Bi. Mbeyu alitaka jambo moja tu: afie pale alipozaliwa. Bintiye, Mirriam, akaiandikia ofisi ya majengo ya kale. Akajibiwa kwamba mkaguzi atakuja. Akithibitisha kuwa nyumba ni ya kale, haitabomolewa.

Sasa sikilizeni. Kwetu sisi, mgeni akija, nyumba hupakwa rangi. Mirriam alikuwa kazini Mbaraki. Aliporudi, mafundi walikuwa wamekwisha kupiga lipu ya saruji kuta zote za nje, na juu yake rangi ya samawati inayoumiza macho.

"Mama, umefanya nini?"

"Mgeni wa serikali nimpokee kwa kuta zilizobanduka? Watu watasemaje?"

Mkaguzi, Bi. Kasyoka, akafika kesho yake. Akaizunguka nyumba mara mbili. Akasema kwa upole, "Nyanya, nyumba hii naiona mpya."

Ronald akatabasamu. Mirriam akashika kichwa.

Bi. Mbeyu akaingia jikoni, akatoka na panga la kuvunjia nazi. "Mwanangu, wataka ukale? Ngoja."

Akaupiga ukuta wake mwenyewe. Lipu ikaanguka kipande kizima. Ndani yakaonekana matumbawe, chokaa ya zamani, na alama za vidole vya Mzee Dzoro. Bi. Kasyoka akamsihi aache, ameshaona. "Bado upande wa nyuma," akajibu bibi, akaendelea.

Nyumba ikaandikishwa, wasikilizaji wapendwa. Haibomolewi. Na Ijumaa, Bi. Mbeyu alifia katika chumba kile kile alimozaliwa. Mirriam ametueleza hivi: "Aliniambia nifungue dirisha. Akaangalia dari, akasema, 'Haya, mimi niko kwangu.' Akalala."

Tunampa pole Mirriam. Tunampa pole na Ronald, ambaye mazikoni alilia kuliko wote. Mungu awape subira.

Nasi tujiulize, nyumba tulizozaliwa ziko wapi leo? Ya kwetu niliiuza mimi, kwa mkono wangu. Wiki nzima hii nimekuwa nikiiwaza, na naona uchungu.