Sifaeli na Valvu Iliyochelewa

Marehemu Sifaeli Abdiel Mbise alizaliwa hapa Poli, Meru, tarehe 12 Mei 1955, mtoto wa kwanza wa Mzee Abdiel. Ninayesoma ni mdogo wake, Elinipa. Tumeombwa wasifu huu uwe wa upole. Tutajaribu.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha chuo cha ufundi Dar es Salaam, alikohitimu fani ya umeme mwaka 1978. Alifunga ndoa na Marta mwaka 1984. Siku hiyo alimwacha msimamizi wake kule mtaani Sakina, Arusha, kwa kuchelewa dakika tano, wala hakumwomba radhi.

Kuanzia 1980 alihudumia mashine za kiwanda cha juisi. Mwaka 1989 ililetwa kompyuta ya kuziongoza, na programu yake aliijua nje ndani. Humo kazi ya haraka ilikatiza nyingine zote: ikifika zamu ya kufunga valvu ya mvuke, kila kitu kilipisha. Kiwanda kilipobinafsishwa, kompyuta ile ilikuwa haina tena vipuri, na marehemu mwenyewe ndiye aliyependekeza programu ihamishiwe kwenye kompyuta mpya yenye mfumo wa Linux, ambao kazi zake hupanga foleni. Aliomba miezi sita aupange upya utaratibu wa kupishana. Wakubwa wapya, wenye tai nzuri na wasiojua valvu inafungwa upande gani, walileta mtaalamu wao, akahamisha kila kitu kwa wiki mbili.

“Mzee Mbise, programu si ni ile ile?” meneja alimwuliza. “Majibu si ni yale yale?”

“Ni yale yale, bosi, ila yatachelewa. Na mvuke hautakusubiri.” Akakataa kusaini hati ya kuipokea kazi hiyo.

Tarehe 14 Agosti 2003 meneja aliagiza ripoti yake ichapishwe. Kazi ya valvu ikapanga foleni nyuma ya ripoti, na valvu ikajifunga ikiwa imechelewa sekunde mbili. Mvuke ukamuunguza Anande, dada wa zamu, mkono wa kulia. Barua ya kiwanda ilisema marehemu alificha ujuzi, ikamfukuza kazi. Mtaalamu alipewa cheti cha pongezi. Baada ya miezi minne wakubwa wale wale walimfuata nyumbani, wakiongea kwa kunong'ona. Alirudi kwa ajili ya Anande, si yao. Akaiongezea Linux sehemu ya kukatiza kazi kwa wakati, na mashine zinakwenda hadi leo. Barua ile hawajaifuta. Tunaifuta sisi, mbele yenu.

Mwaka 2004 alianza kuugua figo. Alifariki nyumbani Sakina tarehe 7 Machi 2006, saa kumi na moja alfajiri, Marta akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Marta. Watoto wawili, Evelyn na Derick. Na mjukuu mmoja. Msalaba ataubeba Anande, kwa mkono ule ule.

Uongozi wa kiwanda umeomba mazishi yasogezwe hadi saa kumi, wamalize kikao ndipo walete shada. Kaka yetu apumzike kwa amani. Jeneza linashuka saa nane kamili.