Mto Asioujua Dereva

"Barabara hii nimeendesha lori tangu ujana, lakini mto wake sijawahi kuuona. Wajukuu wakiniuliza ukoje, nawadanganya tu," dereva mstaafu alimweleza fundi cherehani aliyemwachia kiti cha dirishani basini, mbele yangu. Bonde zima likafunguka chini yetu. Yeye alitazama mbele, akikanyaga breki isiyokuwepo.

"Mzee, unaliua begi langu! Mto uko huku."

"Ngoja kwanza, mama. Huyu kijana anaingia kona vibaya."

Kona zilikuwa nyingi, na zote alizihudumia kwa uaminifu. Milima ilipokwisha, alishusha pumzi kwa kuridhika, kama mtu aliyetufikisha salama yeye mwenyewe.

"Sasa wajukuu utawaambia nini?"

"Kwamba ni mpana."

"Mwembamba kama uzi!"

"Mama, unanifundisha mto wangu?"

Basi liliposimama kituoni, upana ulikuwa haujaafikiwa.